Yah: Ruta Laazizi Kukatiwa Simu na Ruta Muhibu

Ndugu Meneja Mkuu,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima kama mimi, ambaye tangu harusi yetu mwezi uliopita hata mafua yananikwepa. Mimi ni karani wa hapa tawini, na ni mke (nalipenda neno hili) wa fundi wako wa mtandao wa huko makao makuu. Nimesikia unataka kumhamisha kwa kosa la kuharibu mtandao. Naomba nimtetee.

1. Ruta ya huku, kile kisanduku cha mtandao, ikiwa na ripoti ya kutuma huipigia simu ruta ya huko, hujitaja jina, hutoa neno la siri, ikimaliza hukata. Mume wangu, Mungu amtunzie vidole vyake, ya huku aliiita Laazizi, ya huko Muhibu. Zilipatana vizuri sana.

2. Wewe ukaamuru majina yawe ya heshima. Huko jina la Laazizi likafutwa, ikaandikwa Tawi Namba Mbili. Huku amri haikufika. Sasa Laazizi anapiga, anajitaja kwa jina lile lile la zamani, na Muhibu anamkatia kama hamjui. Ndugu Meneja, ungekatiwa wewe na mama watoto, ungelala?

3. Kutwa taa nyekundu ya Laazizi inapepesa kama jicho la aliyelia. Nimemfunika kwa mtandio wangu nisimwone.

4. Hata majina yakirudi, simu isikatwe eti kwa sababu Laazizi na Muhibu wamenyamaza kidogo. Mimi na mume wangu Jumapili tunatazamana kimya mpaka chai inapoa, na hakuna anayeondoka.

5. Kwa hiyo unamwadhibu aliyewaunganisha na kumwacha aliyewatenganisha (simtaji). Tayari mume wangu namwona mwisho wa juma tu. Ukimpeleka mbali zaidi, usinilaumu nikihesabu misumari ya stoo mara mbili na kila mara nikapata jibu tofauti.

Nisalimie mama watoto, katibu muhtasi, na mlinzi wa getini aliyecheza hadi kofia ikamdondoka siku ya harusi yetu. Fundi wangu ukikutana naye kwenye ngazi, mwambie avae sweta.

Wako kwa utii, wake kwa yote yaliyobaki,
Mke wa Fundi,
Karani wa Tawi

Nyongeza: Tarishi ameleta sasa hivi nakala ya uhamisho. Kumbe analetwa hapa hapa tawini, meza inayotazamana na yangu. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Kosa lake ni kubwa mno, nashangaa umemvumilia. Aadhibiwe leo, na kifungo kiwe cha maisha. Hao akina Muhibu waache wanuniane. Ripoti tutakuletea kwa mkono, sote wawili.