Tundu Katikati ya Jiji Kuu

Mwamapula,
kando ya barabara ya Mbeya–Iringa,
19 Mei.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Majina na Mipaka,
Jiji Kuu la Nyanda za Juu, Isongwa.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka porini. Nasema porini kwa sababu ndivyo ramani yenu mpya inavyosema, na mimi si mtu wa kubishana na karatasi yenye mihuri mitatu. Hata hivyo, nikisimama mlangoni kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga, nauona mnara wa simu ulio nyuma ya ofisi yako, na upepo ukikaa vizuri nawasikia mkijipigia makofi. Ni kilomita nne. Nimezipima kwa pikipiki, kwenda na kurudi, nikagawa kwa mbili.

Jina langu ni Peter Shigela. Wazazi wangu walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mimi nilianzia kubeba magunia Rujewa, leo nina mashine mbili, na elimu yangu iliishia darasa la saba. Kwa hiyo pale nitakapokosea hesabu, wasomi wa kamati wanisahihishe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlivyotuhesabu. Mlitangaza kwamba kijiji kitaingia katika Jiji Kuu endapo watu wake kumi na tano katika kila mia wanakuja mjini kwa siku. Kanuni nzuri, sina ugomvi nayo. Mkamweka kijana wenu Clement barabarani na kishikwambi, siku moja tu, Jumamosi, siku ya mnada wa ng'ombe. Ndugu Mwenyekiti, siku ya mnada hata fisi wa Usangu wanakuja mjini. Walikuja watu wa Madibira na malori, wakaja wachungaji kutoka mabonde ambayo hata sisi wenyeji hatujui majina yake, na wote wakaandikwa kuwa ni watu wasioweza kuishi bila Isongwa. Sisi wa Mwamapula ni Wasabato, nyumba kwa nyumba. Jumamosi hatununui, hatuuzi, hatukoboi, tuko kanisani mpaka jua lizame. Clement akaandika: Mwamapula, sifuri.

Jumatatu nilimfuata. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee wangu, shida si mimi. Mfumo haukuoni."
Nikamwambia, "Kijana, lakini wewe si unaniona?"
"Mimi nakuona, mzee. Ila sina mamlaka ya kukuona."

2. Kwaya. Jumamosi hiyohiyo kwaya ya Kilutheri kutoka kijiji kimoja cha Kilolo ilikuwa safarini kwenda Mbeya. Basi lao likasimama Isongwa, wakanywa chai, wakaendelea. Kijiji chao ni kidogo na kwaya yao ni kubwa, kwa hiyo walizidi kumi na tano kwa mia bila shida. Leo kijiji hicho, kilichoko milimani zaidi ya kilomita mia mbili kutoka hapa, ni kata ya jiji lako. Iringa mjini, ambako basi lilipita bila mtu kushuka, imebaki nje. Nilimpigia simu mwalimu wa kwaya, Aroni Kalinga, kumpongeza. Akasema, "Mzee Shigela, mbona sisi tulishuka kunywa chai tu?" Nikamwambia amshukuru Mungu hawakula na chapati, angechaguliwa meya.

3. Jina. Nyanda za Juu? Isongwa iko bondeni, maji yamekaa, mpunga umesimama ndani yake. Nyanda za juu mnaziona kama ninavyoziona mimi, kwa kuinua shingo.

4. Vibao. Mtu anayetoka Mbeya anakuta kibao, "Karibu Jiji Kuu." Akifika kwetu anakuta, "Kwaheri, Asante kwa Kututembelea." Kabla hajamaliza kushangaa, cha tatu kinamkaribisha tena. Ndiyo kusema tumekuwa tundu, kama lile la katikati ya tairi: jiji linazunguka pande zote, sisi ndio hewa. Makondakta wa mabasi wameshajua. Wakifika kwetu wanapiga kelele, "Wa porini shukeni, angalieni simba!" Wiki iliyopita mke wangu Catherine alishuka na kikapu chake akawajibu, "Simba namjua, ana kitambi, na anakaa ofisini Isongwa." Naomba radhi kwa maneno hayo. Nimeyaandika kama yalivyo kwa sababu barua hii ni ya ukweli.

5. Daraja. Hili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Hayo mengine ningeyacheka nikalala. Mvua za Machi zilichukua daraja letu juu ya mfereji mkuu, kati ya barabara na kijiji. Sasa mpunga umevunwa na kurundikwa mashambani, na malori ya wanunuzi hayavuki. Kila gunia linavushwa kichwani, juu ya magogo mawili. Juzi jirani yangu, mama Andendekisye, aliteleza na gunia lake. Yeye tulimtoa, gunia lilikwenda na maji, na lilikuwa chakula cha watoto wake mpaka Krismasi. Nilikuja ofisini kwako siku hiyohiyo nikiwa bado nimelowa. Mhandisi wenu hakuinua macho. "Bajeti ya madaraja ni ya wakazi wa jiji, mzee. Nyie mko nje." Daraja lisipopatikana kabla ya mwisho wa Juni, wanunuzi watahamia kwingine na mpunga wa kijiji kizima utaota palepale uliporundikwa.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, tuhesabiwe upya, siku yoyote isiyo Jumamosi. Nadhani wiki inazo nyingine sita.

Pili, kama kuhesabu upya kunaichosha kamati, tutakuja wenyewe. Kijiji kizima, na wagonjwa, na ng'ombe, tutaingia Isongwa asubuhi, tutoke, tuingie tena, mpaka mfumo utuone.

Tatu, kama hayo yote hayawezekani, basi kanuni yenu ifanye kazi pande zote mbili. Jumapili iliyopita nilikaa mlangoni kwenye mashine yangu nikahesabu kama Clement. Mtaa wako wewe mwenyewe, Mwenyekiti, una watu mia mbili na kumi. Arobaini na wawili walikuja kwangu na mpunga vichwani, magogo na yote. Hiyo ni ishirini kwa mia. Shemeji, mkeo, alikuwa wa tatu kwenye foleni, na madebe mawili. Kwa kanuni yenu, bila kuongeza wala kupunguza neno, Isongwa ni kitongoji cha Mwamapula. Naomba ofisi yako ikabidhiwe kwetu tarehe mosi. Jiji litaitwa Mwamapula Kuu. Clement atabaki kazini, kwa sharti kwamba kuanzia sasa ana ruhusa ya kuona watu.

Nafunga barua kwa heshima yote inayoruhusiwa kuvuka mpaka. Wasalimie wajumbe wa kamati, msalimie mhandisi akiinua macho, wasalimie na wananchi wako wa Kilolo utakapowatembelea, ila beba sweta. Shemeji mwambie mchele wake ulibaki na chenga, aje tuupitishe tena.

Ni mimi,
Peter Shigela,
mkazi wa tundu.

Nyongeza, baada ya sahihi.
Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Leo mchana yamefika malori mawili ya nondo na saruji. Nikauliza kama yametumwa na Jiji Kuu. Mhandisi wa wilaya, mama mmoja aitwaye Apolonia, alicheka mpaka akashika lori. "Jiji gani, baba? Hizi ni fedha za madaraja ya vijijini. Zipo toka mwaka jana, zimekosa kijiji. Ukanda huu wote umekuwa jiji, mmebaki nyinyi tu." Daraja litakuwa la zege, la kupitisha lori lenye mzigo, na wameahidi kulimaliza kabla ya Juni kwisha.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote matano yasomwe kuwa ni shukrani, na maombi yote matatu yafutwe. Msituhesabu. Jioni hii kijiji kimekaa na kupitisha azimio. Tuko watu mia sita na arobaini. Kumi na tano kwa mia ni tisini na sita. Kwa hiyo kuanzia kesho hawataingia Isongwa watu zaidi ya tisini na tano kwa siku, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga zamu. Barua hii naileta mwenyewe, kwa hiyo itachelewa kukufikia. Zamu yangu ni Alhamisi.