Injinia na Gari la Rangi ya Siagi

Siku mafuta yalipopanda bei kwa mara nyingine, watu wote pale kituoni walinuna isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya gari jeupe la umeme, kiyoyozi kikimpepea kama sultani, akiitazama foleni kama paka anavyotazama bucha. Jina lake la kazi lilikuwa Injinia. Uinjinia huo alijitunuku mwenyewe, siku alipobadilisha balbu bila kuanguka kutoka kwenye stuli, na tangu hapo hakuna chuo kilichothubutu kumnyang'anya.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake mfamasia, mwanamke wa maneno machache na kumbukumbu ndefu, aliyekuwa semina mji mwingine na angerudi kwa basi alasiri ile. Alimwachia ufunguo kwa sharti moja.

"Lioshe, lichaji, lilaze," alimwambia. "Nikisikia lalamiko jingine juu yako, hata litoke kwa mbuzi, utakihama chumba changu cha uani, godoro kichwani."

Injinia alikipenda sana chumba kile. Kilikuwa na feni, kilikuwa na dirisha, na zaidi ya yote hakikuwa na kodi. Lakini macho hayana pazia. Kwenye foleni iliingia gari kuukuu la rangi ya siagi, refu kama jeneza la tajiri, taa za mviringo, bampa zinang'aa. Moyo ukamruka. Juzi tu kinyozi wake alimsimulia habari za mzee mmoja upande wa pili wa mji, anayekodishia maharusi magari ya zamani. Watu wanamwita Babu Harusi, na inasemekana gari la namna ile akiliona hulia kwanza, ndipo atoe pochi.

Akashuka mama mmoja mwenye aproni iliyojaa unga, akanunua mafuta ya kulowesha koo la gari tu, akaondoka akisonya. Injinia akamfuata taratibu mpaka mtaa wa nyuma, kwenye duka dogo linalonukia vanila. Wateja walikuwa wakimwita Mama Keki. Injinia akatengeneza kola, akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Keki aliinua macho kutoka kwenye bakuli, akamtazama. Akazidi kumtazama. Mwiko ukabaki hewani, ukidondosha krimu. "Hebu vua miwani, mwanangu."

Injinia akavua.

"Geuka kidogo. Upande huo. Eeh!" Mama Keki akatabasamu peke yake. "Basi tu. Una nyusi za taabu."

Injinia alilipokea hilo kama sifa. Alikuwa na desturi ya kupokea kila kitu anachopewa, na vingine asivyopewa.

"Mama, mimi ni Injinia, mshauri wa magari. Nimeliona gari lako kituoni, nikakuonea huruma kama mama yangu mzazi." Akasogea kwenye meza iliyotapakaa unga, akachora mstari katikati kwa kidole, akawa anaandika hesabu huku na huku. "Huku gari lako, huku langu la umeme. Gari lako linakula. Linakula mafuta, linakula oili, linakula plagi, na likishashiba linakupeleka kwa fundi, naye anakula kilichobaki."

"Kula linakula," Mama Keki akakubali. "Na hilo lako?"

"Hili linakunywa tu. Usiku unalichomeka kama simu, asubuhi limeamka. Halina oili, halina plagi, halina ekzosi. Na kelele? Litakuingilia hadi chumbani usisikie!"

"Na betri ikichoka? Nasikia bei yake ni kama posa ya mke wa pili."

"Betri hii itatuzika sote wawili."

"Na umeme ukikatika?"

"Umeme ukikatika, mama, na oveni yako imezimika. Sasa utakuwa unapeleka keki gani?"

Mama Keki akacheka mpaka akaupiga ule unga mkono, na hesabu yote ya upande wa betri ikafutika. Injinia hakuona haja ya kuiandika upya.

"Hilo la siagi nitalichukua mimi, liwe sehemu ya malipo," akasema, sauti ya kufariji wafiwa. "Leo lina thamani kidogo. Mafuta yakipanda tena, utamlipa mtu akuondolee."

"Sikiliza, Injinia. Mimi sinunui gari kwa maneno. Kwangu gari ni kubeba keki. Ninayo moja ya kupeleka leo hii. Niachie lako nilijaribu. Keki ikifika haijapasuka, tumeelewana. Wewe nenda na hilo kuukuu ukalikague utakavyo."

Injinia nusura aimbe. Yeye alikuwa bado anatafuta chambo, na samaki amejirukia mwenyewe kwenye kikaango! Akapiga hesabu zake: auze gari la siagi kwa Babu Harusi, arudi amwambie mama limekutwa limeoza tumboni na thamani yake haifiki ya sufuria, achukue jeupe, alioshe, na dada akishuka kwenye basi akute kila kitu kimelala alipokiacha.

"Ngoja ninawe mikono nikupe ufunguo," alisema Mama Keki, akaingia nyuma. Huko alikawia. Sauti yake ilisikika ikinong'ona simuni, na katikati ya kunong'ona, kicheko. Injinia alidhani anawaringia marafiki zake gari jipya.

Sasa, gari la siagi lilikuwa na tabia zake. Lilikwenda vizuri mpaka lilipoona mlima, likazima. Wapita njia wakalisukuma, likakohoa, likawaka. Mbele ya soko likazima tena, na Injinia, msomi wa mitambo, akafungua boneti, akautazama ule msitu wa mabomba, akaifunga kwa heshima. Alipofika kwa Babu Harusi shati lilikuwa limemganda mgongoni na jua limeshaanza kuteremka. Ilibidi auze upesi.

Babu Harusi alikuwa mzee mwembamba, akisugua bampa kwa kitambaa katikati ya uwanja uliojaa magari ya bibi na babu zetu. Hakulia. Alilizunguka gari polepole, mikono nyuma.

"La nani hili, mjukuu wangu?"

"Langu, babu. Nimerithi kwa babu yangu mzaa baba. Alilipenda kuliko bibi."

"Pole. Lakini linakula mafuta."

"Kidogo tu."

"Linakula oili. Linakula plagi. Mafundi nao wanakula." Babu Harusi akatikisa kichwa. "Siku hizi watu wanahamia kwenye umeme. Nami nimepima gharama, nafikiri nihame. Hili nitalipa bei ya chuma chakavu."

Injinia alijisikia kama mtu anayesikia wimbo wake ukiimbwa na mwingine, tena kwa sauti nzuri zaidi. Akaruka upande wa pili wa mstari bila hata kupangusa miguu.

"Babu, usidanganywe na matapeli wa umeme! Betri yao ikichoka, bei yake ni kama posa ya mke wa pili! Umeme ukikatika watafanyaje, watachomeka kwenye mwembe? Chuma hiki unakitilia mafuta, kinakwenda. Gari la umeme ni jokofu lenye magurudumu!"

"Kumbe ni hasara?"

"Hasara tupu! Mimi ninaye dada, maskini, alinunua hilo jeupe lake. Kila nikilitazama namhurumia. Mwanamke kasoma mpaka dawa, lakini gari kachagua kama mtu aliyefumba macho!"

"Endelea, Injinia," ilisema sauti nyuma yake.

Injinia akageuka. Gari jeupe lilikuwa limesimama hatua chache kutoka kisogoni pake. Liliingia kimya, kama yeye mwenyewe alivyoahidi. Nyuma ya usukani alikuwa Mama Keki. Kando yake alikuwa dada yake mfamasia, mkoba wa safari miguuni, boksi kubwa mapajani.

"Dada! Umerudi salama? Nilikuwa hapa na babu, tunafanya, yaani, uchunguzi wa soko."

Babu Harusi aliingiza mkono nyuma ya kiti cha gari la siagi, akavuta kofia ya zamani yenye ukingo, akaivaa. Ikamkaa sawasawa.

"Ajabu," akasema. "Babu yako alikuwa na kichwa kama changu."

"Gari ni la huyu mzee," alisema Mama Keki akishuka. "Nalikodi kwake kupelekea keki, maana springi zake ni laini. Mjini hapa magari ya zamani hununua yeye tu, basi nilimpigia, nikamwambia, kaa mkao wa kula, kuna mtu anakuja kukuuzia gari lako. Kisha nikampokea dada yako stendi."

"Lakini, mama, ulinijuaje?"

Dada yake akafungua boksi. Injinia akachungulia, akakutana na Injinia: uso mzima wa krimu, tabasamu la jamu, na nyusi mbili nene za chokoleti.

"Tangu alfajiri napaka nyusi hizo kwa kutazama picha yako aliyonipa dada yako, pamoja na habari zako zote," alisema Mama Keki. "Mara ya tatu nazifuta, nainua macho, nyusi zenyewe zimesimama mlangoni zinaniambia shikamoo!"

"Leo ni siku yako ya kuzaliwa," alisema dada yake.

Injinia alikuwa ameitaja tarehe yake ya kuzaliwa kwa namna nyingi, katika ofisi nyingi, hata mwenyewe haikumkaa tena kichwani.

"Mimi na Mama Keki tumepima gharama muda mrefu," dada aliendelea, bila kupandisha sauti. "Hili la babu linammaliza. Langu linashinda bure nje ya duka la dawa. Tukaona lipeleke keki mchana, mapato tugawane. Na dereva uwe wewe. Ufunguo ungekuwa wako kuanzia jioni hii."

Injinia aliutazama ufunguo mkononi mwa Mama Keki. Asubuhi alikuwa ameutumia kutapeli, na laiti angelala mpaka saa sita mchana, jioni angepewa.

"Godoro nilibebe leo, au?" akauliza kwa sauti ndogo.

Dada yake akashuka, akaweka boksi juu ya boneti.

"Mama aliniachia wewe, sikukuchagua. Chumba utalala. Ila ataendesha Mama Keki. Wewe utakaa nyuma, ushike keki isipasuke."

"Na langu limezima," Babu Harusi akakumbusha. "Banda liko kule juu."

Kwa hiyo Injinia akasukuma gari la siagi mpaka bandani, mzee amekaa ndani na kofia yake, akipiga honi kama bwana harusi. Aliporudi, keki ilikuwa imeshakatwa. Dada alikuwa anakula paji la uso. Babu alidai nyusi zote mbili, na Mama Keki alikuwa anamalizia sikio. Kwenye boksi ulibaki mdomo.

Injinia akaula wote, akalamba vidole, na macho yake yakaanza kumetameta.

"Mama Keki, hii si keki, hii ni biashara. Sasa nisikilize. Kuna hoteli moja meneja wake ni kama ndugu yangu, ukinipa tano tu za kuonjesha..."

Dada yake akakwangua kidevu chote kilichokuwa kimeshikamana na boksi, akamziba nacho mdomo.