Beterave kwenye Nguzo ya Barza

Jumatatu, 4 Mei
Kipande cha zege kimeanguka kutoka dari la barza, ukumbi wetu wa mbele ya nyumba. Kikubwa kama mkate! Ndani, chuma kimejaa kutu. Na Jumapili wakwe wanakuja kumwomba binti yetu! Shemeji Lazare, kaka wa mke wangu, kapita na baiskeli, kaona. Eti sherehe ifanyike kwake. Kamwe! Nimeziba na simenti, nikapaka chokaa.

Jumatano, 6 Mei
Mama mkwe wangu, Mama Agar, ndiye ataamua sherehe ifanyike kwa nani. Sylvie, binti wa Lazare, injinia, anapima barza zote mbili. Kwa baba yake alibandua nguzo kidogo, akapuliza dawa isiyo na rangi. Zege likawa rangi ya waridi! Maana yake zege ni zima. Alieleza kuwa pumzi ileile tunayoitoa puani huingia kwenye zege polepole, miaka na miaka, ikiua ukali wa simenti unaokinga vyuma. Vyuma hushika kutu, huvimba, hupasua kila kitu. Zege la hivyo halibadiliki rangi. Kwangu ni kesho. Nawaza.

Alhamisi, 7 Mei
Jeannine, mke wangu, kaenda sokoni. Nimebandua nguzo mwenyewe, nimesaga beterave zote za Jeannine, vile viazi vyekundu vya saladi, nguzo nimeinywesha maji yake. Ikapendeza, nyekundu! Sylvie alipofika akatoa chupa ya dawa, akasita.
“Papa Umba, minyi sijapuliza bado. Sababu gani iko rouge?”
Nikasema labda ni afya. Akagusa, akanusa kidole. Hakucheka. Hilo ndilo liliniuma. Akabandua upande wa pili, akapuliza. Hakuna rangi. Jeannine karudi, kauliza beterave ziko wapi. Wote wawili wakatazama mikono yangu myekundu.

Ijumaa, 8 Mei
Mama Agar kachagua kwa Lazare. Nikamwita mama mkwe, nikamkalisha barzani, kiti kizuri, aone hakuna hatari. Kasimama, kanisogelea ili anigombeze vizuri. Puu! Dari likashukia kiti. Miguu yote ya kiti imevunjika.
Alinishika mkono.
“Weye mutoto wangu, ulitaka kuniua sababu ya barza?”
Nikaokota miguu ya kiti. Sijala.

Jumatatu, 11 Mei
Sherehe ilifana kwa Lazare. Nilikaa nyuma, karibu na masufuria, nikitazama viatu vyangu. Leo tumebomoa barza. Sylvie kasema vyuma vyote vitupwe. Nimeitikia. Kweli nimejifunza!
Ila vingine bado vinene. Nimevisugua kwa mchanga, nimevipaka rangi ya fedha. Vinang'aa! Ni vya sakafu ya choo kipya cha shimo tu. Nani anakaa chooni muda mrefu?