Malalamiko Juu ya Moyo Uliotulia Kupita Kiasi

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Wodi ya Moyo,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mke wa yule fundi cherehani wa kitanda cha dirishani, aliyewauliza wauguzi ni nani aliyewaharibia sare zao huku bado ana mpira wa hewa puani. Mlipokuwa mkimzibua mshipa wa moyo kwa kupitia mkononi, moyo wake uliacha kupiga vizuri ukaanza kutetemeka ovyo. Mkaushtua kwa umeme, mkamtia dawa kwenye dripu, ukarudi kwenye mstari. Kwa hilo nashukuru sana. Sasa nalalamika.

1. Mlimpa vidonge vya kuushikilia moyo huo usiyumbe tena, mkatuagiza asiudhiwe kwa muda. Hamkusema muda gani. Mume wangu amechukulia ni maisha.

2. Tangu hapo hapingwi. Nikifungua mdomo tu, anaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, anafumba macho na kusikilizia mapigo. Kabla hajayafumbua, nimeshakubali. Hivyo ndivyo kochi lilivyohamia jikoni.

3. Juzi alimkatia mwalimu mkuu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Wanangu waliisifu. Mimi niliisifu. Mwalimu mkuu mwenyewe, ambaye nilimuonya mlangoni, aliivaa, akashukuru, akaondoka akitembea kiupandeupande. Sasa fundi anasema huo ndio mtindo, na ameshakata nyingine.

4. Dada yake, mtu pekee aliyekuwa akimweza, naye ameufyata. Alikuja kudai mkasi wake, akaondoka ameacha na mwavuli.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Ama mumbadilishie dawa, mumpe inayotuliza moyo pamoja na mdomo. Ama mnipe na mimi vidonge hivyohivyo ili tuwe sawa. Ama mniandikie cheti chenye muhuri, kinachoniruhusu kumbishia mara moja kwa wiki, baada ya chakula.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule dada aliyeniletea kiti pale kwenye mlango wa kioo mashine zenu zilipoanza kupiga kelele. Sijawahi kuogopa namna ile.

Wako, mtiifu kwa kulazimishwa,
Mke wa Fundi

Baada ya kuandika: Nilikuwa nafunga bahasha alipofika muuguzi wenu anayepita majumbani. Amempima, akasema vidonge viendelee, ila moyo umetulia na fundi anaweza kubishiwa kama mtu mwingine yeyote. Nikaenda moja kwa moja kumweleza mume wangu ukweli wa ile suruali. Nilipofika kwenye mguu wa kushoto, akasimamisha cherehani, akanitazama. Nikaukamata mkono wake nikampima. Mapigo yake yalikuwa sawasawa, yamepangana kama mshono. Yangu ndiyo yaliyokuwa yakienda mbio. Nikamwambia suruali imetoka vizuri sana.

Tafadhali, Daktari, msiguse dawa yoyote. Kochi nalo likae hukohuko jikoni.