Nilivyomtoa Mwalimu Wangu Kwenye Kompyuta

Jamani, leo nimeaibika, tena mbele ya mwalimu wangu wa shule ya msingi.

Mnajua nasimamia kompyuta sita za intaneti hapa Lushoto mjini. Tunafunga saa kumi jioni, lakini wateja hawatoki! "Dakika moja tu, kaka," na huku gari la kunirudisha nyumbani Mgwashi linaniacha. Basi jana nikaandika kiprogramu: ikifika saa kumi, kila aliyemo anatolewa kwa nguvu, kila kitu kinafungwa, hakuna kuuliza. (Nikajipongeza kwa soda.)

Asubuhi hii kaingia Mwalimu Zaina, aliyenifundisha darasa la tatu. Shikamoo, marahaba, nikamkalisha. Anaomba nafasi ya kusomea diploma, na mwisho wa kupokea maombi ni leo. Akachapa kwa kidole kimoja, saa nzima na ushee. Mimi pembeni namsimulia mteja mwingine utaalamu wangu.

Mara kazi ya mwalimu ikapotea kwenye kioo, ikabaki sehemu ya kuandika jina na neno la siri. Kwa jirani yake vilevile. Kompyuta zote sita!

"Ni mtandao wa Tanga huo," nikasema. (Mwongo mkubwa mimi. Sikujua chochote.)

Mwalimu akanitazama. "Si umesema umeweka programu ya kutoa watu?"

"Hiyo ni ya saa kumi, mwalimu."

"Umeiandikaje?"

"Kumi, nukta mbili, sifuri sifuri."

Akagusa saa iliyo kwenye kioo. 10:00. "Na hii ni saa ngapi?"

Jasho likanitoka, na baridi yote hii ya Lushoto. "Saa nne asubuhi."

"Saa kumi jioni kompyuta inaandikaje?"

"Kumi na sita, mwalimu."

"Nani alikufundisha kusoma saa?"

"Wewe, mwalimu."

Wateja walicheka mpaka muuza mboga wa nje akachungulia. Mimi nilitaka kulia. Mama wa watu anakosa chuo kwa sababu yangu!

Mwalimu akainama, akachomoa disketi kwenye mashine. "Kila aya nilikuwa nahifadhi humu. Nimekufundisha, nakujua."

Maombi yametumwa kabla ya adhuhuri. Nimemshukuru mpaka akaniambia basi, inatosha, lakini mimi naona bado. Mungu ampe maisha marefu na hiyo diploma juu.

Anayetaka kunicheka acheke, ila kwanza ahifadhi kazi yake.