Dawa Iliyozidi Nguvu

Mkemia alipoona doa la chai kwenye kitambaa cha meza pale hotelini, alimshukuru Mungu kwa uzembe wa wahudumu. Jina hilo la Mkemia alipewa na mji, maana shuleni alishika somo moja tu: dawa ukiiongezea maji, nguvu hupungua na faida hupanda.

Akamwendea mama mwenye hoteli, akamwaga maneno matamu, akaomba awe ndiye wa kumletea dawa ya madoa mwaka mzima.

"Maneno nimeyasikia, mwanangu," mama akasema. "Kesho uje unitolee doa hili mbele ya macho yangu. Ila nembo yangu ya bluu hapa pembeni isiguswe."

Dawa ya majaribio, bila shaka, ilibidi ifanye kazi. Maji matupu yangekuja baadaye. Mkemia akanunua dumu la dawa lililoandikwa nguvu asilimia kumi na mbili. Lakini muuza kemikali aliyemuuzia alikuwa tapeli mwenzake, nusu ya kila dumu hujaza maji. Basi hii ni sita, akapiga hesabu. Lita moja ya dawa, tano za maji, inakuwa asilimia moja: doa linatoka, nembo inabaki.

Hakujua kwamba wiki ile muuza kemikali alikuwa ametubu. Hakuna msiba mkubwa kwa tapeli kama kuuziwa mali halisi bila taarifa.

Asubuhi akaloweka kitambaa kwenye beseni, huku akihubiri sayansi. Doa likatoka. Nembo nayo ikafifia, ikatoweka kabisa.

Mama akakiinua kitambaa juani.

"Kumbe ni wewe."

"Mimi nani, mama?"

"Mwaka mzima shuka zangu zinaibwa, nazikuta sokoni hazina nembo. Bawabu, funga geti. Waite polisi."

Mkemia akapiga magoti. Maisha yake yote hakuwahi kuiba shuka, na sasa angefungwa kwa kosa asilolifanya.

"Mama, naapa, leo nimekosea vipimo. Dawa ninayouza haiwezi kutoa nembo. Haitoi hata doa. Ni maji, mama. Waulize wateja wangu wote."

Mama, mpenda haki, akaagiza waitwe kwanza hao wateja. Walikuja mbio: madobi, mwenye saluni, mwenye nyumba ya wageni. Kila mmoja akaapa kwamba dawa ya Mkemia ni maji matupu.

"Basi si mwizi wangu," mama akasema. Akaamuru geti lifunguliwe, akawakabidhi wateja hao Mkemia wao.