Amri ya Kumwondoa Mama

Kwa mpwa wangu, Fundi wa Kompyuta,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA NENO "ONDOKA" KATIKA MASHINE YA STUDIO YANGU

Baada ya salamu, sisi hatujambo, isipokuwa ndoa yangu.

1. Kabla hujaniwekea hilo dirisha jeusi la kuandikia amri, flashi ya mteja nilikuwa naichomoa kwa vidole, kama watu wote. Sasa lazima niiombe kwa maandishi, eti nikiichomoa ghafla picha zitaharibika. Nakiri ulinihurumia ukaniwekea amri kwa Kiswahili: naandika "ondoka", kisha jina la flashi. Ahsante. Kumbe hapo ndipo uliponiponza.

2. Flashi hukataa. Mashine hujibu kwamba ina shughuli. Shughuli gani, na mwenye studio ni mimi? Nilifunga picha, nikafunga kila kitu, nikafunga hadi mlango wa mbele. Bado ina shughuli.

3. Wateja huzipa flashi majina wanayoyataka wenyewe. Mwalimu mkuu alinikuta naandika "ondoka mwalimu", akacheka. Mama mkwe si mtu wa kucheka.

4. Alileta picha za marehemu baba mkwe, ndizo pekee alizonazo, nimchapie. Flashi aliazimwa na mke wangu, aliyeiita MAMA. Mama mkwe akaketi nyuma yangu na miwani yake. Macho yangu unayajua, kwa hiyo nikaandika kwa herufi kubwa: ONDOKA MAMA. Mashine ikajibu: MAMA INA SHUGHULI. Nami, kwa kufuata mafunzo yako neno kwa neno, nikaandika: ONDOKA MAMA KWA NGUVU. Flashi haikuondoka. Aliyeondoka ni mama, na mkoba wake.

Tangu hapo mke wangu hanisemeshi. Inaniuma, maana nampenda, na mama yake pia nampenda, ingawa ushahidi ulioandikwa unasema vingine.

Kwa hiyo naomba amri hiyo ifutwe, turudi kuchomoa kwa mkono kama waungwana, na mashine imwombe mama radhi kwa herufi ndogo.

Nisalimie dada yangu, watoto wote, na yule jirani yenu wa redio.

Ni mimi mjomba wako, ninayelala kwenye kochi,
Mpiga Picha

Tanbihi: Mama amekubali kurudi. Kwa adabu sikuandika chochote. Nimeichomoa flashi mbele ya macho yake na kumkabidhi kwa mikono miwili. Tulipoirudisha kwenye mashine, picha hazifunguki hata moja. Tafadhali usifute amri yoyote. Njoo upesi na chochote kinachookoa picha. Mama ameketi palepale nyuma yangu, na anasema haondoki mpaka amwone mumewe, hata kwa nguvu.